Mlango wa Kilabu cha Kalewa

Mwanamke mzee alikuwa ameshapita duka la Rashid na ameanza kuteremka njia ya mtoni, miguu yake mitupu ikitimua vumbi jekundu, wakati Mwangangi, mlinzi wa mlango, alipothubutu kuweka jicho kwenye ufa wa mlango. Alimwona kisogo tu. Akashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu, kisha akajiona mjinga, kwa maana hakuna aliyekuwa akimfukuza.

"Kashaenda?" aliuliza Kivuva, mwenye kilabu, kutoka kwenye meza ya chupa.

"Ameenda."

"Ndiyo mlango huo! Nimesikia sauti yako mpaka huku. Kama tuko kambini tena."

Mwangangi akafungua mlango nusu, akasimama mahali pake, akavuta koti chini likae vizuri mabegani. Nje foleni ilikuwa bado inacheka.

Kilabu cha Kalewa kilikuwa nyumba ndefu ya mabati pembeni mwa soko la Migwani. Kivuva alikipa jina la mji wa Burma ambako alipigwa risasi ya paja. Watu waliobaki nyumbani wakati wa vita walidhani jina limetokana na kulewa, naye hakuwasahihisha, maana lilivuta wateja. Kila Jumamosi, tangu saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jua likizama, kwa kuwa Boma la serikali halikuruhusu zaidi, Ngumbau alipiga gitaa humo na watu wakadansi. Mwaka huo wa 1951 hapakuwa na mahali pengine kama hapo kutoka Mwingi mpaka Kitui.

Na palikuwa na sheria. Zilikuwa zimeandikwa kwa chokaa ubaoni, na kwa wasiojua kusoma Mwangangi alizisoma kwa sauti: asiye na viatu haingii; asiye na suruali ndefu haingii; mwanamke asiye na mwanamume haingii; blanketi, fimbo, upinde na mbwa vibaki nje. Hazikutoka Boma. Zilitoka kichwani mwa Kivuva. Huko Kalkata, wakati wa likizo ya askari, yeye na wenzake walisimama nje ya mlango wa nyumba ya muziki wakasikia ngoma zote za ndani, na bawabu akawatazama miguuni, akatikisa kichwa. Kivuva aliapa siku hiyo kwamba akirudi kwao atakuwa na mlango wake mwenyewe. Hakuapa kwamba utakuwa mlango tofauti.

Kwa hiyo Jumamosi Migwani ilikuwa siku ya kuazimana viatu. Jozi moja iliweza kuingiza wanaume wanne: wa kwanza akishaingia huvivua na kuvirusha dirishani, wa pili anavivaa, na kadhalika. Kazi ya Mwangangi ilikuwa kulijua dirisha hilo na kutolitazama. Wanawake nao waliazima mikono. Muthoki, aliyeuza uji sokoni asubuhi, hakuwa na mume, lakini hapakuwa na Jumamosi aliyokosa kuingia, mkono wake ndani ya mkono wa mtu ambaye hata jina hakulijua.

*

Mzee yule alikuwa amefika saa nane. Alikuwa Mutindi, mama mkwe wa Mwangangi, aliyemzaa mkewe Ndinda.

Sasa, kwa Wakamba kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja hujitenga kichakani mpaka mwenzake apite. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina, wala neno haliendi moja kwa moja kutoka kinywa cha huyu hadi sikio la yule. Sharti lipitie kwa mtu wa tatu. Haya hiyo huondoka siku mkwe atakapopeleka mbuzi na blanketi, na blanketi likapokelewa. Mwangangi alikuwa hajapeleka. Basi alipomwona mkwewe akija kutoka njia ya mtoni na shuka lake la kale, kujificha nyuma ya mlango na kuusukuma ufungike hakukuwa kosa. Hakuna mzee ambaye angemlaumu kwa hilo.

Nje, wa mbele kwenye foleni alikuwa karani wa mnunuzi wa ngozi, kijana wa kofia na tai.

"Susu!" alisema karani, akimwamkia kwa Kikamba kama anayemwamkia bibi yake. "Umekuja kudansi?"

"Amekuja kumtafuta babu," mwingine akadakia. "Babu yumo ndani na msichana wa Mwingi!"

Mutindi alingoja wamalize kucheka. "Wanangu, dereva wa lori la Rashid yumo?"

"Yumo. Unamtakia nini? Yule ni Mwislamu, susu, anaweza kukuoa wa nne."

"Niitieni."

"Sema kwanza ni habari ya nini."

Mzee akatazama chini. Habari za tumbo la mwanamke hazisemwi mbele ya vijana wanaocheka. "Ni ya nyumbani," alisema. "Mwambieni huyo wa mlangoni. Yeye ataelewa."

Karani akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. "Bwana Mlango! Mpenzi wako amefika! Viatu hana, lakini miguu anayo!"

Nyuma ya mlango Mwangangi alisikia kila neno. Hapo ndipo pana jambo lenyewe, na nitalisema polepole. Desturi haikumfunga mdomo. Mtu wa tatu alikuwepo, tena amesimama na kofia yake. Alichotakiwa kusema ni, "Muulize anataka nini," na karani angeuliza, na mzee angejibu, au angemwomba mwanamke mmoja wa kwenye foleni amfikishie. Lakini kumwuliza kungekuwa kumkubali. Foleni nzima ingejua kwamba yule mwenye miguu iliyopasuka, anayenuka moshi na shuka limeshika udongo, ni mkwewe Bwana Mlango. Na Bwana Mlango alikuwa amevaa koti.

Alisema kwa nguvu, sauti ya sajini, "Hana viatu. Hana mwanamume. Sheria ni sheria. Aende zake."

Foleni ikapiga makofi. Mutindi aliijua sauti. Alisimama kidogo, akalikunja shuka upande mmoja na kulifunga upya kiunoni, kisha akageuka.

*

Ngumbau alikuwa na jicho moja na vidole virefu. Aliketi juu ya kreti akapiga nyimbo za haraka kwanza, za kutoa jasho na kuuza bia. Ilipofika saa tisa alibadilisha.

"Sasa bluzi," alisema. "Hii nilifundishwa na Mmarekani mweusi, mpishi wa jeshi. Aliniambia ukiipiga na tumbo limeshiba, gitaa linakataa."

"Basi wewe litakukubali milele!" Muthoki akapaza sauti, na watu wakacheka. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa wimbo ule haukuwa wa kuchezea kelele. Watu walishikana wakasogea taratibu, viatu vya kuazima vikikwaruza sakafu.

Mwangangi aliupenda wimbo huo kuliko zote. Siku hiyo ulimkera. Alijiambia mama mkwe alikuja sokoni kununua chumvi, akapotea njia. Halafu akajijibu kwamba mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mto hapotei njia ya Migwani. Akajiambia ni habari ya ng'ombe. Lakini mama mkwe hakaribii mahali penye mkwe wake kwa sababu ya ng'ombe. Akajiambia ni udongo. Hili ndilo alilolijibu haraka zaidi, kabla hata hajaulizwa: yale madoa kwenye shuka, pale chini ya goti, yalikuwa udongo. Huku kwetu udongo si mwekundu?

Ndinda alikuwa katika mwezi wa nane wa mimba, au wa tisa. Wanawake ndio wanaohesabu.

Karibu na dirisha alikaa Amin, dereva, na chupa yake ya soda. Kilevi hakugusa, lakini gitaa lilimshinda. Kila Jumamosi aliegesha lori nyuma ya kilabu, akakaa hapo na ufunguo mezani mbele yake. Mwangangi aliutazama ufunguo ule mara tatu. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Kila alipotaka kuzipiga aliona uso wa karani ukigeuka: kumbe yule susu ni wako?

Kivuva alimletea bia. "Kunywa. Mlango kama wako hata Nairobi hawana."

Akanywa.

Saa kumi kasoro kidogo Muthoki alitoka kupunga upepo, akasimama karibu naye. Mwangangi akasema bila kumtazama, "Yule mzee wa saa ile. Alisema alitaka nini?"

"Wewe umemfukuza, halafu mimi ndiye nikueleze?"

"Nauliza tu."

"Alitaka dereva. Karani wako alikuwa akifanya kichekesho. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikitafuta mkono wa kuingilia." Muthoki akajipepea na ncha ya kitambaa. "Nikajiambia, huyu mama ametoka kuzalisha mtu. Shuka lina damu."

"Ni udongo."

"Udongo!" Muthoki alimgeukia akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Sasa wewe uliyekuwa nyuma ya mlango umeliona wapi shuka?"

Mwangangi akageuka kuutazama ufunguo wa Amin. Muthoki akafunika mdomo. "Ai, Mwangangi. Yule ni nani yako?"

*

Amin hakuuliza maswali mengi. "Lori ni la Rashid, lakini roho ni ya Mungu," alisema, akauchukua ufunguo. "Kwako ni wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Gari halivuki."

"Litafika linapofika. Twende, yakhe, mbona umesimama?"

Alikuwa amesimama kwa sababu Kivuva alikuwa mbele yake.

"Unaenda wapi? Bado saa mbili nzima. Mlangoni atakaa nani, gitaa?"

"Mke wangu ana uchungu wa kuzaa."

"Wa tangu lini?"

"Tangu leo."

"Na umejuaje, nawe hujatoka hapa?" Kivuva hakungoja jibu. Watu walikuwa wameanza kutazama, na mtu mwenye mlango hapendi kuonekana anaachwa. "Haya. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini koti ni la kilabu. Na viatu ni vya kilabu."

Mwangangi akavua koti akaliweka juu ya kiti. Akainama akafungua kamba za viatu, mbele ya wote, na zilikuwa na fundo. Karani akasema, "Bwana Mlango, sasa na wewe huwezi kuingia!" Hakuna aliyecheka sana. Mwangangi akatoka miguu mitupu, fulana imelowa jasho, akapanda lori.

Walishuka njia ya mtoni lori likirukaruka. Amin alisema mara moja tu, "Nilikuwa hapo hapo, bwana wee. Ungeniita."

"Ndiyo."

"Tangu saa nane nipo hapo."

"Ndiyo, Amin. Nimesikia."

Kwenye kivuko waliwakuta. Wanawake watano na mzee mmoja jirani walikuwa wametoka majini wamebeba kitanda cha kamba mabegani, na juu ya kitanda yuko Ndinda, amefunikwa mpaka kidevuni. Wanawake hawana mazoea ya kubeba hivyo. Mmoja alikuwa analia kwa uchovu, siyo kwa huzuni. Mutindi alitembea kando ameshika mkono wa bintiye. Alipomwona mtu anaruka kutoka kwenye lori alikigeuza kichwa chake upande wa mto.

Ndinda alifungua macho. "Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Mama alikwenda kukuita."

Mwangangi alishika mguu wa kitanda akasaidia kukiinua kwenye bodi ya lori. Wanawake wawili wakapanda, na Mutindi akapanda, akaketi, akakiweka kichwa cha Ndinda mapajani. Mwangangi akaweka mguu kwenye gurudumu ili naye apande. Ndipo Mutindi aliposema, akielekeza maneno kwa Amin:

"Baba, wewe mwenye gari. Mwambie huyo asipande. Humu ndani tumo wanawake na kazi ya wanawake, na pia nimo mimi. Hatuwezi kukaa pamoja."

Amin aliwatazama wote wawili. Yeye alizaliwa Mwingi, lakini wazee wake walitoka Pwani, na mambo haya aliyajua kwa kuyaona tu. "Mama, si aketi mbele na mimi?"

"Mbele atakaa huyu mzee. Amebeba tangu juu na moyo wake ni mbovu. Mwambie huyo nyumbani kuna mbuzi, hakuna wa kuwafungia."

Hapakuwa na kosa ndani ya maneno hayo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa desturi. Amin alimgeukia Mwangangi akafungua mdomo ili ayarudie, kama itakiwavyo, akashindwa.

"Nimesikia," Mwangangi alisema, akaushusha mguu wake.

*

Hakwenda kufunga mbuzi. Alilifuata lori kwa miguu, na asubuhi jua limepanda aliingia kwenye lango la hospitali ya Kitui, nyayo zimemtoka malengelenge. Dresa, msaidizi wa daktari, aliyekuwa barazani alimwuliza jina la mke, akatazama karatasi.

"Mama atapona. Damu imetoka nyingi lakini atapona. Mtoto alikuja amechoka."

"Amechoka vipi?"

"Amechoka kabisa, ndugu yangu. Alikuwa mvulana."

Mwangangi alikaa kwenye ngazi. Akauliza, "Wangefika mapema kidogo, tuseme kwa saa mbili. Ingekuwaje?"

"Kila mtu huniuliza hivyo. Mimi si Mungu." Dresa alikuwa akikausha mikono. "Wewe hizo saa mbili ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Basi. Aliye kazini yuko kazini."

Alitamani sana dresa yule amtukane.

Walipomruhusu kuingia, Ndinda alikuwa ameuelekea ukuta. Mutindi alikuwa ametoka kwa mlango mwingine. "Mama anasema alifika," Ndinda alisema. "Akakuta mlango umefungwa."

"Ulikuwa umefungwa," Mwangangi akasema.

"Na wewe hukusikia?"

"Gitaa linapiga kelele."

Akatambua kwamba mzee hakusema sauti ile ilikuwa ya nani. Hakusema kwa bintiye, na siku zilizofuata ikawa wazi kwamba hakusema kwa yeyote. Si kwa ndugu zake, si kwa wanawake waliobeba kitanda. Mwangangi alingoja. Alingoja aitwe na wazee, atozwe fahali, atukanwe sokoni. Badala yake watu walimpa pole. Shemeji zake walikuja kumsaidia kulima. Kila jembe lililoingia ardhini kwa ajili yake lilimwingia yeye.

Miezi mitatu baadaye alichukua mbuzi jike na kununua blanketi jekundu dukani kwa Rashid. Alimtuma baba yake mdogo ampelekee mama mkwe. Watu walisifu: huyu sasa ni mwanamume, anaondoa nthoni na kuwa mtoto wa mama yule. Hawakujua anachotaka. Alitaka haya iondoke ili siku moja aketi mbele ya mzee, amtazame usoni, amwambie: ni mimi, nilikujua, niliona damu. Hakuwa na njia nyingine ya kulisema. Neno kama lile huwezi kulipitisha kwa mtu wa tatu.

Baba mdogo alirudi jioni ile ile na mbuzi nyuma yake na blanketi begani.

"Amekataa?"

"Hakukataa kwa ubaya. Alinipa uji nikanywa. Amesema hivi: mwambie mkwe wangu nthoni yetu ni nzuri. Tuiache kama ilivyo." Baba mdogo alikuna ndevu. "Sijapata kusikia mama mkwe akirudisha blanketi. Mmekosana?"

"Hatujawahi kuzungumza," Mwangangi alisema. "Tungekosanaje?"

*

Hakurudi Kalewa. Kivuva aliweka mlinzi mwingine, na sheria zikabaki ubaoni mpaka mwaka 1954, alipokifunga kilabu akageuza nyumba kuwa ghala la mbaazi. Ngumbau alikwenda Nairobi na gitaa, akarudi bila gitaa. Karani alihamishiwa Zombe. Muthoki aliolewa huko huko Zombe na mchuuzi wa ng'ombe, na kabla ya kuondoka alimwambia Mwangangi kwamba hatamwambia mtu, naye hakumwambia mtu. Amin aliendelea kuendesha lori la Rashid. Jumamosi alikaa nyumbani.

Mutindi alikufa mwaka 1957 kwa kifua. Mwangangi alichota maji ya wachimba kaburi, kisha akakaa mbali na wakwe wengine. Uso wa mama mkwe wake hakuwahi kuuona kwa karibu, na hata siku hiyo hakuuona.

Ndinda alizaa wasichana wawili. Wa pili alipewa jina la bibi yake mzaa mama, kama ilivyo desturi, na kwa sababu ya nthoni baba yake hakuweza kulitamka. Alimwita "mama" tu.

Siku moja, wakipura maharagwe, Ndinda aliuliza, "Siku ile ya mlango, ni nani aliyemwambia mama aende zake? Sokoni walisema kuna mtu alipaza sauti kutoka ndani."

"Sijui. Kulikuwa na watu wengi."

"Haya," Ndinda alisema, akaendelea kupura.

Mwaka uliofuata walihamia Tawa, wakapata shamba la ekari nne. Wote wawili walizikwa huko, yeye mume kwanza.